Jibu: Kwa nini Wapentekoste huanza na mkutano, si shule?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini makanisa ya kiroho, yaani ya Kipentekoste, huku kwetu huanza na mkutano wa injili uwanjani, ilhali Wabenedikti wa Ndanda, watawa Wakatoliki, walijenga shule na hospitali. Mzizi ni Matendo ya Mitume 1:8: aliyepokea nguvu za Roho Mtakatifu ni shahidi tayari, hata kama ni muuza samaki asiyepita chuo cha Biblia. Uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, ulioeneza Upentekoste, ulipoanza 1906, baadhi ya waumini wake walisafiri ng'ambo wakiamini kunena kwa lugha, yaani kusema kwa Roho lugha wasiyojifunza, kungewatosha kuwahubiria wenyeji. Haikuwa hivyo, ikabidi wajifunze lugha za wenyeji. Hilo hunigusa sana. Anayekuja Newala ajifunze Kimakonde, akae na watu msimu wa korosho, awaombee wagonjwa majumbani. Na spika apunguze, jirani zetu Waislamu wanaswali.