Gari jeusi na vumbi la Arusha

SWALI: Shikamoo fundi, niko Njiro, gari langu jeusi nalifuta na dasta kavu kila asubuhi, ila juani linaonyesha mikwaruzo kama utando wa buibui, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo dasta iache leo leo, vumbi letu lina mchanga, ukilisugua kavu unakwaruza rangi mwenyewe, na nyeusi haifichi kitu. Mwagia maji mengi kwanza, ndo uingie na shampuu ya gari na ndoo mbili, moja ya povu nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga hapana, inaondoa waksi. Oshea kivulini, kausha na taulo la maikrofaiba maana maji yakikaukia juani yanaacha madoa, halafu paka waksi kila miezi 2 au 3 hivi. Mikwaruzo iliyopo inatolewa na polishi, ila usiipige mara kwa mara, inakula kliya, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi.