Mvua imekuja, nyanya zinapasuka: usikimbilie urea

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, nina matuta matatu ya nyanya uani. Kiangazi chote nilimwagilia ndoo mbili kila baada ya siku nne, maji ya kununua. Juzi mvua imenyesha siku mbili mfululizo, tukamshukuru Mungu. Sasa matunda yanapasuka na mengine yana weusi kwenye kitako. Muuzaji wa duka la pembejeo kasema ni ukungu, kaniuzia dawa ya kupuliza, na mbolea ya urea ya kupima kwa kopo "kuamsha miche". Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba, dada. Usianze na yoyote.

Weusi ulio kitakoni tu, mkavu, uliobonyea kidogo, wakati majani ni safi, si ukungu. Ukungu wa mvua kwa kawaida ungeanza na mabaka kwenye majani na shina. Hilo ni tunda lililokosa madini ya kalsiamu lilipokuwa dogo, na kalsiamu husafiri na maji. Siku nne za ukame kati ya ndoo na ndoo ndizo zilizoharibu, kabla hata wingu halijatanda. Kupasuka ni jambo jingine: ganda lilishakomaa kwa kiu, maji yakaja ghafla, nyama ikavimba kuliko ganda. Hakuna dawa ya kupuliza inayoziba tunda lililopasuka. Chuma yaliyoanza kuiva uyatumie leo.

Linaloniudhi zaidi ni hilo kopo la urea. Kila mwaka mvua ya kwanza ikigusa ardhi, watu wanakimbilia dukani, kana kwamba udongo umeamka na njaa. Ni kinyume kabisa. Miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch, akiwa Muguga karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloana, vijidudu vyake hufufuka kwa kasi, huozesha mboji na kuachia naitrojeni, chakula cha majani, kwa wingi kwa siku chache. Ndiyo maana mchicha hukoza kijani baada ya mvua hata pasipo mbolea. Mvua imekupa bure kile unachouziwa.

Ukiongeza urea, yenye naitrojeni asilimia 46, juu ya hiyo, nyanya itakimbilia majani, na kitako kitaoza zaidi, kwa sababu urea hugeuka amonia udongoni, nayo hushindana na kalsiamu mizizini. Inayobaki mvua inayofuata itaizamisha chini mizizi isikofika. Maganda ya mayai nayo, ambayo watu huyatia kwa ajili ya kalsiamu, kabla hujauliza, huchukua muda mrefu mno kuoza; msimu huu hayakusaidii.

Chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi. Milimita moja ya mvua ni lita moja tu kwa mita ya mraba, na chini ya tope la juu mara nyingi nakuta vumbi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, na mvua ikikatika, kama inavyozoea huko kwenu Februari, mwagilia kidogo kidogo kila siku, asubuhi.

Dawa uliyouziwa irudishe kama haijafunguliwa. Na ninyi wengine mnaosoma: mbolea ya kopo haina lebo, huwezi kujua ni urea au chumvi. Kiuatilifu kisicho na lebo hakikwambii usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Nyanya hizo mnakata kachumbari mbichi, mnawapa watoto.