Siasa za jiji humfikia nani kwanza? Jibu kwa mjomba anayeuliza kuhusu kazi ya polisi na ya gari la wagonjwa

Nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kujibu. Umesema binti wa dada yako amemaliza kidato cha nne na anavutwa na kazi mbili, upolisi na huduma ya gari la wagonjwa, na kwamba wewe kama mjomba wake una wasiwasi kwa kuwa uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia. Umeuliza kama ni kweli kwamba mabadiliko ya kisiasa humfikia hata mtumishi wa cheo cha chini kabisa, au kama ni mambo ya wakubwa yanayoishia City Hall, makao ya serikali ya kaunti ya Nairobi, na Ikulu. Humfikia, tena yeye ndiye wa kwanza kufikiwa. Nimehudumu ndani ya gari la wagonjwa hapa Nairobi tangu 2010, katika shirika ambalo sitalitaja, na ndugu yangu mdogo, tuliyezaliwa naye tumbo moja, ni koplo wa polisi katika jiji hili hili. Nitakayoyaeleza ni ya kwangu na ya kwake, naye ameniruhusu.

Jambo la kwanza ambalo binti huyo anapaswa kulielewa ni kwamba katika tukio moja la dharura jijini hukutana watumishi wa mabwana tofauti. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliipa kaunti kazi ya magari ya wagonjwa, zimamoto na usimamizi wa majanga, lakini polisi wakabaki chini ya Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi wote nchini, yaani upande wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, jengo likiporomoka au moto ukiwaka, gavana hawezi kumwamuru polisi azuie umati, na kamanda wa polisi hawezi kumwamuru mzimamoto. Wakubwa wakielewana, mambo huenda. Wakikosana, sisi tulio chini huujua ugomvi wao kabla magazeti hayajauandika, kwa sababu simu hazipokelewi na kila anayeulizwa anatuambia tusubiri.

Septemba 2013, kaunti zikiwa na miezi sita tu, lilitokea shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, ambako watu 67 waliuawa. Tulipanga magari barabarani Westlands, machela zikiwa tayari, na kwa saa nyingi hatukujua nani mwenye amri ya kutuambia tuingie au turudi nyuma, kwa kuwa polisi na wanajeshi hawakuwa chini ya kamanda mmoja. Januari 2019, shambulio la hoteli ya DusitD2 lilipotokea, tuliona tofauti kubwa: eneo lilizingirwa mapema, njia ya kutoa majeruhi ikajulikana, na mamia ya watu wakaokolewa, ingawa watu 21 walipoteza maisha. Wahudumu wengi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtu alijua anamsikiliza nani.

Mabadiliko ya kisiasa hulivuruga jambo hilo hilo, na sikulielewa vizuri hadi mwaka 2020. Tarehe 25 Februari mwaka huo, gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini mkataba wa kuihamishia serikali ya kitaifa kazi nne za kaunti, afya ikiwamo. Tarehe 13 Machi kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa nchini. Siku tano baadaye, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyokabidhiwa kazi hizo, iliyojulikana zaidi kwa herufi NMS na kuongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi, ikaanza kazi. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jiji la watu zaidi ya milioni nne lilibadilisha msimamizi wa afya katika mwezi ule ule ambao afya ndiyo iliyokuwa hofu ya kila nyumba.

Usiku mmoja wa wiki ile ya kwanza ya kafyu tulikuwa tumembeba mama mjamzito kutoka Mathare, uchungu umemkaba, na mama mkwe wake ameketi kiti cha pembeni akishika beseni na leso mbili. Kwenye kizuizi, konstebo kijana alituamuru tuzime king'ora. Akaichukua barua yetu ya ruhusa, akaimulika kwa tochi, akaisoma hadi mwisho, kisha akarudi juu kuutazama muhuri. "Daktari," akaniambia, maana kwa polisi wetu kila aliyevaa glavu ni daktari, "huu muhuri ni wa ofisi ya zamani. Tumeambiwa mambo ya afya yamehamishwa." Nikamwambia, "Afande, mambo ya ofisi siyajui, lakini mtoto huyu atazaliwa hapa hapa tukiendelea kuzungumza." Akampigia mkubwa wake, simu ikawa inatumika. Akapiga tena. Nikaona mwanga wa tochi ukicheza juu ya karatasi, nikajua kwamba mkono wake unatetemeka. Mama alipolia kwa sauti, kijana yule alikwenda mwenyewe akavuta kando vyuma vya miiba na kutupungia mkono tupite. Tulikuwa tumepoteza dakika kumi na moja, nami niliziandika kwenye fomu. Mtoto alizaliwa salama langoni mwa hospitali, kabla hatujaiteremsha machela.

Nilimlaani yule konstebo kwa siku kadhaa, hadi ndugu yangu aliponieleza hali ilivyo upande wao. Konstebo anayempitisha mtu asiyestahili kupita hushtakiwa kazini. Anayemzuia mtu asiyestahili kuzuiwa huhamishwa usiku mmoja hadi mahali ambapo hata familia yake haiwezi kumfuata. Amri nyingi humfikia kwa mdomo, kwenye gwaride la kubadilishana zamu, lakini kosa lake huandikwa na kubaki kwenye faili. Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo penye shida yenyewe. Katiba, katika kifungu cha 245, inataka maagizo ya sera ambayo waziri humpa Inspekta Jenerali yawe ya maandishi. Huo ni ulinzi mzuri kwa mtu wa juu. Sijaona ulinzi kama huo ukishuka hadi kwa kijana aliyesimama na tochi barabarani, wala kwa dereva wa gari la wagonjwa anayeuliza leo atampeleka mgonjwa wapi.

Kwa upande wangu, dawa niliyoipata ni daftari. Ni dogo, la jalada jeusi, nimelifunga kwa mpira. Ndani yake kila kituo cha afya ninachokijua kina mstari wake: kama lango hufunguliwa usiku, nani hupokea simu, kama kuna oksijeni, kama kuna mtu wa kufanya upasuaji baada ya saa sita usiku. NMS ilipofungua vituo vipya katika mitaa ya mabanda nilifurahi kwa dhati, kwa sababu mgonjwa wa Mukuru au Kibera alipata pa kufikia karibu na kwao, ila kila kituo kipya kilinilazimu kwenda kwa miguu siku yangu ya mapumziko nikaulize kama kina mtu wa zamu ya usiku. Kisha uchaguzi wa 2022 ukaja, Johnson Sakaja akaapishwa kuwa gavana mwezi Agosti, na tarehe 30 Septemba NMS ikamaliza muda wake na kazi zikarudi kaunti. Namba za simu nilizokuwa nazo zilikatika moja baada ya nyingine. Nilinakili daftari lote upya, na kwa wiki tatu za kuandika nilihisi kama mgeni katika jiji nililozaliwa.

Sasa nije kwa polisi, kwa kuwa huko ndiko naona binti huyo anaelekea zaidi. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mageuzi makubwa: sare mpya ya buluu, sehemu kubwa ya polisi wa utawala kuunganishwa na polisi wa kawaida, na maafisa kupewa marupurupu ya nyumba ili wapange mitaani pamoja na raia wengine. Ndugu yangu alilipokea jambo hili la nyumba kwa shukrani. Alikuwa ameishi miaka minne katika chumba kimoja kambini na familia ya mwenzake, shuka limetundikwa katikati kuwa ukuta. Akapanga vyumba viwili Eastlands, ghorofa ya tano, na mke wake akapata kwa mara ya kwanza jiko lake mwenyewe. Majirani walimpenda. Mtu akiibiwa simu, mlango wa kwanza kubishwa ulikuwa wake.

Halafu ikaja Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024. Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, ulikuwa umewafanya vijana wamiminike barabarani kuupinga, waandamanaji wakaingia Bungeni, sehemu ya City Hall ikawaka moto, na watu wakapigwa risasi. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 nchini. Siku hiyo ndugu yangu alikuwa katikati ya jiji, kwenye mstari wa ngao, nami nilikuwa mitaa michache kutoka kwake, magoti yangu yakiwa juu ya lami, nikifunga paja la kijana aliyekuwa akitaja jina la mama yake. Tulipombeba, vijana wenzake walishikana mikono wakatutengenezea njia safi kabisa hadi kwenye gari. Mtaa uliofuata, jiwe lilipasua kioo chetu cha mbele, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba magari ya wagonjwa yanabeba polisi. Nilishuka mikono ikiwa juu, nikafungua milango ya nyuma, wakachungulia. Mmoja wao akasema, "Samahani, daktari," na wale wale waliorusha jiwe wakatusukumia kando tairi lililokuwa likiungua.

Nilimpigia ndugu yangu mara nyingi. Alipokea saa nne usiku. Hatukuulizana chochote zaidi ya kama tumekula.

Wiki iliyofuata nilimtembelea, nikamkuta shemeji yangu ameanika sare ya mume wake ndani ya nyumba, juu ya mgongo wa kiti, madirisha yamefungwa na pazia limeshushwa. Zamani ilianikwa juu ya paa pamoja na nguo za jengo zima. Mtoto wao alikuwa ameulizwa shuleni baba yake ameua wangapi. Mageuzi yale ya 2018 yalikuwa na nia njema, nami bado nayaunga mkono, lakini hakuna aliyefikiria siku ambayo polisi atarudi nyumbani kwa majirani ambao watoto wao alikabiliana nao asubuhi.

Sisemi haya ili kufunika damu iliyomwagika. Nilikuwa na damu hiyo kwenye mikono yangu na siwezi kuisahau. Aliyemfyatulia risasi kijana asiye na silaha anapaswa kujibu kwa jina lake, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa ajili hiyo. Inspekta Jenerali wa wakati huo, Japhet Koome, alijiuzulu tarehe 12 Julai 2024. Kwa watu wa ngazi ya ndugu yangu hakuna kujiuzulu kwa namna hiyo. Walibaki pale pale, zamu ziliendelea, na wengi wao hawalali. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga ilikuwa imependekeza mishahara ya polisi iongezwe kwa asilimia 40, na ni haki yao, ila usingizi haununuliwi. Mimi nilipata mshauri nasaha kupitia rafiki, nikaenda kwake miezi sita. Ndugu yangu alichelewa mwaka mzima, kwa kuogopa kwamba akionekana huko atanyang'anywa bunduki na kuitwa dhaifu.

Kwa hiyo, ukimrudia binti wa dada yako, usimkatishe tamaa. Akichagua upolisi, aisome Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kabla hajafika chuoni Kiganjo, hasa Jedwali la Sita linalohusu matumizi ya nguvu na silaha. Humo imeandikwa kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, na kwamba aliyejeruhiwa lazima apatiwe matibabu mara moja. Viongozi watabadilika mara nyingi katika miaka yake ya kazi, na kila mara atakuwapo wa kumnong'oneza kwamba safari hii mambo ni tofauti. Ndugu yangu ana nakala ya kurasa hizo, ameikunja ndani ya mfuko wa sare, na ananiambia kwamba mwaka 2024 ilimpa ujasiri wa kuinamisha silaha yake mahali ambapo mwingine hakuinamisha.

Akichagua gari la wagonjwa, aanze daftari lake sasa, kabla ya Agosti 2027, ili mabadiliko yakija awe tayari anajua malango yanayofunguka usiku. Mwambie aje siku yoyote ya Jumapili. Mimi huwa sina zamu, ndugu yangu huja kula kwangu, na kurasa zangu za Mathare, Mukuru na Kibera zimekamilika. Anaweza kuzinakili zote.