Chura wa Kihansi kwenye ukuta wa wodi ya watoto

Kijana mmoja wa Mbeya anayeanza uchoraji ameniandikia akitaka kujua nilipataje kazi ya kuchora ukuta wa chumba cha kusubiri katika wodi ya watoto. Namjibu hapa kwa kuwa najua wengi wenu mnaitamani kazi ya namna hiyo.

Wenye jengo walitaka simba, twiga na tembo, kama tunavyowaona kwenye kuta za shule nyingi za chekechea. Nikawaomba waniruhusu nichore korongo la Kihansi, kule milima ya Udzungwa, pamoja na maporomoko yake, manyunyu yake na yule chura mdogo wa manjano ambaye hata akikomaa hutosha kukaa juu ya kidole gumba. Niliwaeleza kwamba chura huyu hatagi mayai bali huzaa. Kwamba manyunyu aliyoyategemea yalipungua mno baada ya maji ya mto kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Kwamba mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, huku wenzake wakitunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani, hadi mwaka 2012 walipoanza kurudishwa korongoni. Mtoto aliyelazwa mbali na kwao anastahili kumtazama kiumbe aliyepelekwa mbali kutunzwa, kisha akarudi. Walikubali, nami najivunia kwamba sikukata tamaa.

Vyura niliwachora chini, usawa wa macho ya mtoto, wengine wakiwa wamejificha nusu nyuma ya majani. Nilimwona binti mdogo, plasta ya dripu ikiwa bado mkononi, akivuta khanga ya mama yake na kusema, “Mama, mwingine huyu hapa!” Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonigusa kama hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuchora, piga magoti mbele ya ukuta uuone kama mtoto atakavyouona, kwa maana wasimamizi watautazama wakiwa wamesimama.

Kuhusu rangi, naienzi rangi ya mafuta tuliyorithi kwa Edward Saidi Tingatinga, lakini wodini harufu yake ni kali na mng'ao wake huifuta picha taa zinapowashwa. Tumia rangi ya maji isiyo na madini ya risasi, kwa sababu watoto hugusa ukuta kisha hutia vidole mdomoni.

Kuna taasisi nyingine ambako mchoro wangu wa mikoko na kasa ulifunikwa kwa rangi ya krimu bila mtu yeyote kunipigia simu, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Vijana wangu, msifanye kazi kwa kuridhika na makofi ya siku ya uzinduzi. Dai mkataba wa maandishi, na ndani yake kiwemo kifungu kinachowalazimu wenye jengo kukuarifu kabla ya kuupaka upya ukuta huo, ili upate walau nafasi ya kuupiga picha au kuukarabati.