Maswali ya Wasomaji: Faili Zinatambaa Nyumbani

SWALI: Nahariri video za harusi. Kompyuta ya mezani na ya mpakato zote nimeziunganisha kwa waya kwenye ruta. Folda ya GB 60 inachukua saa moja na nusu kuhama, na dirisha la kunakili linaonyesha MB 11 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Nimeshauriwa nilipie kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Kitasaidia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usilipie. Faili inayotoka chumba kimoja kwenda kingine haifiki kwa kampuni ya intaneti. Inaingia kwenye ruta na kutokea tundu la pili. Hata bando likiisha, itahama kwa kasi ileile.

Kilichotusaidia zaidi katika barua yako ni hiyo 11. Kasi ya waya huandikwa kwa megabiti, dirisha la kunakili huhesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 100 kwa 8 upate 12.5, toa sehemu inayoliwa na anwani za pakiti (vipande vidogo ambavyo faili hukatwa ili isafiri), inabaki 11 na ushee. Maana yake kuna mahali waya wako unakwenda kwa megabiti 100 badala ya 1,000. Diski iliyochoka hupanda na kushuka. Namba iliyoganda hivi ni dari ya waya. Ukiiondoa, GB 60 zitahama kwa dakika 9 au 10, mradi diski zote mbili ziwe za SSD, yaani zile za haraka zisizo na sahani inayozunguka.

Sasa tafuta ni upande upi. Kwenye kila kompyuta ya Windows fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri), andika Get-NetAdapter, bonyeza Enter, kisha soma safu ya LinkSpeed, yaani kasi ya waya: Mbps ni megabiti kwa sekunde, na 1 Gbps, yaani gigabiti moja, ni megabiti 1,000. Zote mbili zikisema 100 Mbps, shuku ruta: nyingi zinazokuja na huduma ya intaneti zina matundu ya megabiti 100 tu. Hapo nunua swichi ya gigabiti (kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao) yenye matundu 5, chomeka kompyuta zote mbili humo, na waya mmoja utoke kwenye swichi kwenda kwenye ruta. Haihitaji mpangilio wowote.

Moja ikisema 1 Gbps na nyingine 100 Mbps, badilishana nyaya zao. Ile 100 ikihama pamoja na waya, mwenye kosa ni waya, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ndani yake kuna nyuzi 8 katika jozi 4. Kila uzi huishia kwenye pini yake, kipande cha chuma kwenye plagi. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nne. Uzi wa pini ya 4, 5, 7 au 8 ukikatika, kompyuta na ruta hushuka hadi 100 kimyakimya. Taa inawaka, intaneti inafunguka, na hakuna anayeushuku waya.

Shika plagi mbele ya mwanga uitazame kwa ncha. Uone vitone 8 vya shaba vimefika mwisho, na pini zote zimezama sawasawa. Uzi mmoja ukiwa umeishia njiani, kata plagi, uanze upya. Ulimi wa plagi ukiwa chini na waya ukiingia kutoka upande wako, panga kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe lenyewe, si nyuzi.

Ukinunua waya mpya, wa daraja la Cat5e unatosha. Kwanza kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na hukatika upesi ukikunjwakunjwa. Uache dukani.

Kasi ikibaki ndogo ingawa zote zinasema 1 Gbps, pima njia bila diski kwa programu ya iperf3. Kwenye mashine moja andika iperf3 -s, kwenye nyingine iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya IP ya ile ya kwanza, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ukipata karibu megabiti 940, mtandao ni mzima, kagua diski. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0, kwa mfano, huishia MB 30 hadi 40 kwa sekunde.

SWALI: Kompyuta zangu mbili za mpakato zinatumia waifai. Kupakua kutoka intaneti ni haraka, kutumiana faili ni nusu ya kasi hiyo. Kwa nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu kila pakiti inasafiri hewani mara mbili: kutoka mashine ya kwanza hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi ya pili, kwenye chaneli ileile, na chaneli haibebi vifaa viwili kwa wakati mmoja. Chomeka waya kwenye mashine moja tu, safari ya pili ya hewani itaondoka. Inayobaki hewani iweke kwenye waifai ya masafa ya 5 GHz, chumba kimoja na ruta. Na ukiwa na maelfu ya picha ndogondogo, zifunge kwanza kwenye faili moja ya zip: kufungua na kufunga kila picha kupitia mtandao hula muda mwingi kuliko kuisafirisha.