Mara Tatu Jukwaani: Niliyojifunza kuhusu Ramsa na Chimbuko Lake

Wiki mbili zilizopita, siku chache tu baada ya tamthilia yangu kuoneshwa kwa mara ya tatu hapa Tanga na ukumbi kujaa hata baadhi ya watu wakasimama milangoni mpaka mwisho, nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayesoma chuo huko Dodoma. Alinisalimu kwa shikamoo, akaniita mwalimu, kisha akaeleza kwamba ameandika ramsa, yaani tamthilia ya kuchekesha, kuhusu mganga wa uongo, kwamba wenzake waliisoma kwa sauti mbele ya darasa, wakacheka sana katika kurasa kumi za mwanzo, na baada ya hapo wakanyamaza. Swali lake lilikuwa fupi: afanye nini ili watu wacheke mpaka mwisho? Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikaona haitoshi. Mimi mwenyewe nimehangaika na swali hilo kwa miaka saba, na jibu lake linaanzia mbali kuliko anavyodhani.

Kosa lake la kwanza, nami nalitaja bila kumdharau kwa sababu lilikuwa langu pia, ni kudhani kwamba ramsa ni mkusanyiko wa vichekesho. Kichekesho ni kitu kidogo. Huweza kuishi ndani ya sentensi mbili, kikamchekesha mtu aliye kituoni akisubiri daladala, kikaishia hapo hapo. Ramsa, ambayo baadhi ya walimu wetu huiita futuhi na wengine komedi au komedia, ni umbo zima la hadithi. Ndani yake mtu wa kawaida, mwenye ila inayoonekana na kila mtu isipokuwa yeye, hujitia matatani kwa mikono yake, huaibika mbele ya watu, kisha hutoka akiwa hai na bado ana mahali pa kukaa miongoni mwao. Tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, huelekea makaburini, ramsa huelekea karamuni. Mtu anaweza kuandika ramsa yenye vicheko vichache ikabaki kuwa ramsa, na anaweza kupanga vichekesho mia moja jukwaani asiipate.

Mwaka 2017 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari, nikaandika mchezo kuhusu Mzee Sefu, anayekubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti wa jirani, anatangaza kikaoni kwamba atachangia shilingi milioni mbili, na wakati huo hana hata nauli ya kurudia nyumbani. Kila anayeishi mjini anaifahamu kamati ya harusi: kadi za mchango, vikao vya kila Jumapili, mtunza hazina na daftari lake, ahadi zinazotolewa kwa sauti kubwa na kulipwa nusu nusu kimyakimya. Kisa kilikuwa kizuri na ninajivunia kukiona kabla ya wengine. Lakini sikukiamini. Niliogopa kwamba watu hawatacheka vya kutosha, nikampa katibu wa kamati kigugumizi, na kila aliposimama kusoma orodha ya wachangiaji alikwama kwenye majina. Katika mazoezi wanafunzi walicheka mpaka wakatokwa na machozi.

Usiku wa onesho, mama mmoja aliyeketi safu ya pili aliinuka, akamshika mkono mwanawe wa miaka kumi hivi, akatoka naye bila kusema neno. Nilimfahamu mtoto yule. Alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kuongea. Ukumbi mzima uliwaona wakitoka. Kicheko kilikatika pale na hakikurudi, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia nilijua ni kwa nini. Wazee walikwisha kusema kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika, na methali hiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wale wale.

Ilinibidi nirudi vitabuni. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeandika kuhusu sanaa ya ushairi katika karne ya 4 KK, anasema kwamba komedia huiga watu walio duni kuliko wastani, lakini papo hapo anaweka mpaka: hawawi duni kwa kila aina ya uovu, ila katika lile jambo linalochekesha tu, nalo ni kosa au kasoro isiyoleta maumivu wala maangamizi. Mfano anaoutoa ni kinyago cha mwigizaji wa komedia, chenye sura mbaya iliyopindapinda lakini isiyo na maumivu. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Kigugumizi humuumiza aliye nacho, tena hakukiomba. Majivuno ya Mzee Sefu aliyachagua mwenyewe, na siku yoyote angeweza kuyaacha kwa kusema ukweli kikaoni. Nilikuwa nimeelekeza kicheko kwa mtu asiyestahili, huku yule aliyestahili amekaa kwenye kiti cha mbele na kofia yake kama ya mwana wa mfalme.

Chimbuko la jina lenyewe lilinifundisha zaidi. Neno la Kigiriki komoidia linaunganisha neno lenye maana ya wimbo na komos, yaani msafara wa watu waliochangamshwa na mvinyo, wakipita mitaani kwa nyimbo na shangwe. Aristotle anataja pia madai ya Wadoria, jamii mojawapo ya Wagiriki, kwamba lilitokana na kome, kijiji, kwa kuwa waigizaji walidharauliwa mjini wakawa wanazunguka vijijini, ingawa maelezo ya msafara ndiyo yanayokubaliwa zaidi. Mchezo wenyewe anauona ukianzia kwa viongozi wa nyimbo za sherehe za rutuba, nyimbo ambazo hazikuona haya kutaja yasiyotajwa siku nyingine. Kilichonigusa ni kwamba kejeli ile ilikuwa na siku yake, ilikuwa na mungu wake, Dionysus, mungu wa mvinyo, na ilikuwa na ruhusa ya mji mzima.

Jambo hilo nilikuwa nimekwisha kuliona nyumbani kabla sijalisoma. Baba yangu ni Mnyamwezi, na babu alipofariki, mtani wetu wa Kizaramo alivaa kanzu ya marehemu, akaketi kwenye kiti chake barazani, akaanza kulalamika kwamba chai haina sukari, kama babu alivyolalamika kila asubuhi ya maisha yake. Bibi alicheka huku analia. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu utani una kanuni, na msiba ukifika kwao nasi twende tukawafanyie yale yale. Kule Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa vipande vya migomba ili vinyongo vya mwaka viishie uwanjani. Sidai kwamba Wagiriki walitoa kwetu au sisi kwao. Ninachosema ni kwamba aliyelelewa na watani anajua tayari lile ambalo mwandishi wa ramsa hana budi kulijua: anayemcheka mwenzake lazima awe tayari kuchekwa kesho, na baada ya kicheko wote wawili wale sahani moja.

Niliandika upya. Katibu alipoteza kigugumizi, akapata tabia ya kupenda posho. Mwaka 2019 nikaupeleka mchezo kwenye mashindano ambayo sitayataja. Watazamaji walicheka vizuri, lakini jaji mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba lugha ni nzuri ila kazi haina uzito, ni vichekesho tu. Tulitoka mikono mitupu. Maneno hayo mawili, vichekesho tu, bado yananiuma ninapoyaandika, na sioni sababu ya kujifanya kwamba yamepita.

Athens iliingiza komedia katika mashindano rasmi ya sherehe kuu ya Dionysus mwaka 486 KK, miaka mingi baada ya tanzia. Aristotle anaeleza kwamba hatua za mwanzo za komedia zilisahaulika kwa sababu haikupewa uzito, na kwamba kabla ya mtawala kuwapa washairi wa komedia korasi, yaani kundi la waimbaji, walioicheza walikuwa watu wa kujitolea. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo. Dharau niliyokutana nayo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya elfu mbili, na utanzu wenyewe ulikuwa umeishinda.

Aristophanes, mshairi wa komedia wa Athens ambaye tamthilia zake 11 zimetufikia, aliionja dharau hiyo pia. Mwaka 424 KK alishinda kwa mchezo uliomkejeli Cleon, mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote mjini, na ndani yake akamcheka pia Cratinus, mshairi mkongwe, kwamba ni mlevi aliyechakaa. Mwaka uliofuata alileta mchezo aliouona bora kuliko yote aliyowahi kuandika, ule unaomweka mwanafalsafa Socrates ndani ya kapu hewani, akashika nafasi ya tatu, yaani ya mwisho. Aliyeshinda ni Cratinus yule yule, kwa mchezo kuhusu yeye mwenyewe, ambamo Komedia ni mkewe anayetaka talaka kwa sababu mume amehamia kwa chupa. Mkongwe alichukua ila aliyochekewa, akaikubali hadharani, akaigeuza hadithi. Aristophanes naye hakuutupa mchezo wake. Aliuandika upya, na katika toleo tulilonalo leo anawakaripia watazamaji kwa kushindwa kumwelewa. Namwelewa sana, lakini kati ya wale wawili, aliyenifaa ni Cratinus.

Yuko na Terence, mwandishi wa ramsa wa Roma, ambaye inasimuliwa kwamba alizaliwa Carthage katika Afrika ya Kaskazini, akapelekwa Roma akiwa mtumwa, akasomeshwa na kuachwa huru. Mwaka 165 KK ramsa yake kuhusu mama mkwe ilivurugika kwa sababu watu walivutwa na mabondia na mtu wa kutembea juu ya kamba. Mwaka 160 KK ilirudishwa, uvumi ukaenea kwamba kuna mapigano ya watu wenye mapanga, ukumbi ukageuka vurugu. Mwaka huo huo ikachezwa mara ya tatu mpaka mwisho, baada ya kiongozi wa waigizaji, Ambivius Turpio, kusimama mbele ya watu na kuwaomba wasikilize. Ramsa hiyo haina kelele nyingi za kicheko. Inahusu mwanamke anayelaumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Ni ramsa kwa sababu fundo linafunguka na nyumba inabaki nyumba. Ndiyo maana Dante naye, mshairi wa Italia, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, aliliita Komedia shairi linaloanzia Jehanamu, kwa kuwa linafika Peponi.

Baada ya mashindano yale niliufungia mchezo wangu kabatini kwa miaka kadhaa. Kilichonirudisha ni Menander, mshairi mwingine wa komedia, aliyeandika Athens ilipokuwa imekwisha kushindwa vita na watu wake hawawachambui tena viongozi jukwaani kama zamani, kwa hiyo komedia ikaingia ndani ya familia: mababa wakali, vijana wenye mapenzi, watumwa wajanja, wapishi wenye maneno mengi. Katika ramsa yake iliyoshinda mwaka 316 KK, mzee mwenye hasira asiyependa watu anatumbukia kisimani, anaokolewa, anatoa ruhusa ya ndoa, na bado anataka kubaki peke yake kitandani. Mpishi na mtumwa wanamsumbua mpaka anakubali kubebwa hadi kwenye karamu.

Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wa mchezo wangu. Mara zote mbili nilikuwa nimemwacha Mzee Sefu peke yake gizani, amefedheheka, ahadi yake imefichuka, taa zinazimwa. Nilidhani kufedheheka ndiko mwisho. Katika toleo la tatu aibu inampata katikati ya mchezo, kisha kamati inagundua kwamba kila mjumbe ametoa ahadi asiyoweza kuilipa, mtunza hazina akiwemo. Harusi inafanyika uani badala ya ukumbini, sufuria zinaazimwa nyumba kwa nyumba, na Mzee Sefu, aliyekuwa amejifungia chumbani, anatolewa na shangazi wawili ili akatafute kuni. Ukumbi ulicheka kuanzia hapo hadi mwisho, na mwanamume mmoja aliniambia mlangoni kwamba yeye mwenyewe ana deni la kamati tangu mwaka jana na kwamba atalilipa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Dodoma, na ninyi nyote mnaoandika usiku baada ya kazi mkitumaini siku moja kusikia ukumbi ukilipuka, acheni kuongeza vichekesho. Tafuteni ila ambayo mwenyewe anaweza kuiacha, na muikute kwanza ndani yenu kabla ya kuivisha mwingine. Msimcheke mtu kwa mwili wake, kwa kabila lake msilo na utani nalo, wala kwa umaskini wake. Someni mlichoandika mbele ya mtu anayefanana na mhusika wenu, mkae mkimtazama usoni. Anayeogopa kufanya hivyo bado hajawa tayari kuandika ramsa, na heri asubiri kuliko kumuumiza mama wa mtoto ambaye hatamjua.

Umeniambia kwamba kicheko kinakatika ukurasa wa kumi. Nimesoma mchezo wako wote. Ukurasa wa kumi ndipo mganga anapofichuliwa, na kurasa kumi na nne zinazofuata ni za watu kumpiga, kumzomea na kumwita polisi. Ana mke katika onesho la pili, umemsahau. Ana wagonjwa waliopona kwa kuongea naye tu, nao hawarudi. Futa kurasa hizo kumi na nne, mrudishe mke, na uandike nani kijijini atampelekea mganga uji asubuhi ya kesho yake, na atamwambia nini akimkabidhi kikombe.