Shoki ya mbele tu inatosha

Umeuliza uchukue baiskeli ya milimani yenye shoki (vifaa vya kumeza mishtuko) mbele na nyuma au ya mbele tu, na bajeti ni ndogo. Chukua ya mbele tu. Shoki ya nyuma ya bei rahisi ni uzito na makelele. Afadhali hiyo pesa iende kwenye breki na magurudumu.

Anza na saizi ya fremu. Baiskeli isiyokutosha haitakutii hata iwe ya dhahabu. Breki ziwe za diski za mafuta, kidole kimoja kinakusimamisha mteremkoni. Wingi wa gia usikudanganye: sprokti (gurudumu la meno la mnyororo) moja mbele na 9 au 10 nyuma zinashinda zile "gia 21" za kwenye matangazo. Hizo za gia 21 mara nyingi zina friwili (fungu la sprokti za nyuma) ya kukaza kwa nyuzi kwenye habu, kitovu cha gurudumu, na ekseli yake hupinda ukirukia mawe. Yangu ilipinda, nikahangaika wiki nzima na rimu nikidhani ndiyo mbovu, kumbe haina kosa.

Ukipata ya mtumba, bana breki ya mbele halafu isukume mbele na nyuma. Ukisikia ko-ko, beringi za usukani au bushi za shoki zimelegea. Futa mabomba ya shoki, yale yanayoingia na kutoka, kwa kitambaa, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, iache baiskeli hiyo, sili (mipira ya kuzuia mafuta) zitavuja na fundi atakumaliza. Matairi na mnyororo vikiwa vimeisha si neno, vitumie kuvutia bei chini.